Mgonjwa wa Maonyesho

Dakta Karkhanis, mkuu wa chuo chetu cha fiziotherapia, alikwenda ng'ambo siku kumi kuhudhuria mafunzo, akarudi na skafu shingoni na neno moja mdomoni. Skafu aliivaa hata Aprili, wakati mji wetu wa Kolhapur unachemka kama sufuria la sukari guru. Neno lenyewe lilikuwa "tatizo." Kuanzia sasa, alitutangazia ukumbini, hakuna mwalimu atakayesimama ubaoni kufundisha. Wanafunzi wanane watakaa meza moja, watapewa tatizo la mgonjwa, watajiuliza, watatafuta vitabuni, watajua wenyewe. Mwalimu atakuwa msindikizaji tu.

Wazo lenyewe silitukani. Baadaye nimefanya kazi na watu waliofunzwa hivyo kwa dhati, na wanamjua mgonjwa kuliko ninavyomjua mimi. Ninachotukana ni tulichokifanya sisi.

Tuanze na walimu. Mwalimu mvivu, ambaye zamani alilazimika kusoma angalau kurasa mbili kabla ya kuingia darasani, sasa alipata kinga. Ukimwuliza mshipa fulani unapita wapi, anainamisha kichwa, anatabasamu kama mtakatifu wa kwenye kalenda, anasema, "Wewe unaonaje?" Wa kundi letu aliitwa Girish. Alikuwa kijana mwembamba aliyemaliza chuo hicho hicho miaka miwili tu kabla, na alimwogopa kila mtu hadi bawabu. "Wewe unaonaje" ilikuwa ngao yake na chakula chake.

Matatizo nayo yalikuwa kumi na sita, yamepigwa chapa na kuwekwa kwenye mafaili ya buluu. "Bwana X, umri miaka arobaini na mitano, anaumwa mgongo." Waungwana mno, wagonjwa wale wa karatasi! Kila mmoja alikuja na ugonjwa mmoja tu. Hakuna aliyekuwa na mama mkwe wa kumzuia asifanye mazoezi, hakuna aliyelazimika kuchuchumaa chooni na goti bovu, hakuna aliyedanganya. Na kwa kuwa mafaili hayakubadilika mwaka nenda mwaka rudi, majibu yalirithiwa kama vyombo vya jikoni. Daftari la waliotutangulia lilipita mkono kwa mkono, nasi tuliketi mezani tukikunja nyuso, tukijifanya tunagundua. Mwaka mmoja makundi matano yaligundua jibu moja, lenye kosa moja la tahajia, neno lile lile. Dakta Karkhanis akatupongeza kwa umoja wa fikra.

Mimi, Ketaki Dhamankar, nilikuwa fundi wa kukunja uso. Nilimcheka Mkuu, nikamcheka Girish, nikawacheka wenzangu, halafu ikifika saa nne asubuhi naketi mezani nafanya yale yale waliyofanya wao. Aliyenicheka mimi alikuwa mmoja tu: Nivrutti Chougule, mwenzangu wa kundi, mtoto wa mkulima wa miwa wa upande wa Panhala.

"Ulimi wako mkali kama panga, Ketaki," aliniambia siku moja mgahawani, huku akila misal, mchuzi wa choroko wenye pilipili za kutoa machozi, bila kupepesa jicho. "Lakini sijaona umekata hata muwa mmoja."

"Wewe je? Umekata mingapi?"

"Mimi sijasema mimi mkali."

Tulipokuwa mwaka wa nne, mwezi wa Januari, ikaja barua ya ukaguzi. Wakaguzi watatu wangekuja kuona ile mbinu mpya inavyofanya kazi, wakiongozwa na Profesa Khorshed Mistry wa Mumbai, mama mtu mzima aliyesifika kwa kutomwonea mtu aibu. Dakta Karkhanis akapata homa ya sifa. Karatasi hazitoshi, alisema. Safari hii tutawaonyesha tatizo lililo hai.

Ndivyo alivyopatikana Housabai.

Housabai Sanap alikuwa mkata miwa, miaka thelathini na minane. Kwao ni Beed, ambako mvua ni ya kuhesabu, na kila msimu alikuja na mumewe na kundi lao kupiga kambi ya vibanda vya majani karibu na kiwanda cha sukari. Alikuja kliniki ya chuo kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea, panga linamponyoka. Alisema alianguka kutoka kwenye tela la trekta mwezi wa Novemba. Mtu wa mapokezi akaandika: kifundo cha mkono kimeteguka. Dakta Karkhanis akamtazama kutoka mlangoni, wala hakumkaribia. Akaona mwanamke mkimya, msafi, sari yake ya kijani ameifunga kikazi, hana maswali. "Huyu huyu," akasema, kama anayechagua biringanya sokoni. Akamwahidi matibabu ya mashine bure na sari mpya, mradi aje asubuhi nne mfululizo kwa mazoezi ya ukaguzi.

Mkuu alituandikia mchezo mzima, kurasa kumi na moja. Nani aulize nini, nani asite, nani apingwe, nani agundue. Mimi nilitakiwa nishike kidevu, ninyamaze kwa hesabu ya tatu, kisha niseme, "Je, haiwezekani kwamba kano zimejeruhiwa?" Nivrutti alitakiwa ashtuke kwa furaha. Girish alikuwa na mstari mmoja, ule ule wake. Na Housabai alitakiwa aguse kifundo cha mkono na kusema, "Inauma hapa, daktari."

"Lakini hapa hapaumi," alisema siku ya kwanza.

"Mama, hiyo ni ya wageni tu," Girish akamnong'oneza.

Housabai akamtazama, akatutazama na sisi wanane, mmoja mmoja. "Haya," akasema. "Iume."

Siku mbili tukafanya mazoezi. Tulimwuliza analala saa ngapi, ana watoto wangapi, anajisikiaje moyoni. Mkuu alipenda sana hilo la moyoni. Akajibu yote. Katika siku hizo mbili hakuna mkono wa mtu uliogusa mkono wake. Sisi, watu tunaosomea kugusa watu! Hata mimi sikumgusa, mimi niliyejiona mwenye macho kuliko wote. Nilikuwa na kazi ya kuhesabu moja, mbili, tatu na kidevu changu.

Siku ya tatu ikaletwa chai, kwenye bilauri za chuma, ya moto wa kuunguza. Mimi nilishika yangu kwa ncha ya shali. Wenzangu waliweka zao mezani wakipuliza vidole. Housabai alikuwa ameikumbatia bilauri kwa kiganja kizima cha kulia, ametulia kama aliyeshika bilauri ya maji. Nikatazama vizuri. Ubavuni mwa mkono, upande wa kidole kidogo, kulikuwa na lengelenge lililopasuka, na chini yake kovu la zamani la kuungua, na jingine tena. Kidole kidogo na mwenzake vilikuwa vimejikunja kama kucha za ndege.

"Maushi," nikamwita, kwani ndivyo tunavyowaita wanawake wa rika la mama zetu wadogo, "chai si ya moto?"

Akaitazama bilauri kama aliyekumbushwa kitu, akaihamishia mkono wa kushoto upesi. "Aa, ya kawaida," akasema. Lakini mkono wa kushoto ulipoigusa, ulishtuka kwa moto.

Nikamvuta Nivrutti nje, nikamweleza. Hakunicheka. Tukamfuata Girish.

"Mwalimu, yule mama hasikii moto mkononi. Kuteguka hakufanyi hivyo."

Girish akainamisha kichwa. "Nyie mnaonaje?"

"Tunaona ni mshipa wa fahamu! Tunaona inabidi apimwe leo!" Nivrutti, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alipaza.

Girish akatazama kushoto na kulia kwa ukumbi mtupu. "Hiyo haimo kwenye karatasi," akasema kwa sauti ya kuomba. "Mwambieni Mkuu. Msiseme nimewatuma."

Dakta Karkhanis alikuwa ofisini akimwonyesha fundi mahali pa kutundika picha yake ya ng'ambo. Alitusikiliza akiwa ametugeuzia mgongo.

"Ukaguzi ni kesho kutwa," akasema. "Ugonjwa umengoja tangu Novemba, hautakufa kwa kungoja siku mbili. Juu kidogo, bwana fundi. Na wewe Ketaki, mchango wako bado haufiki moyoni. Kidevu kinakuja kabla ya wazo."

Tulitaka kumpeleka Housabai wenyewe, alasiri ile ile. Akakataa. "Mkuu wenu ameniambia nikikosa hata siku moja, mashine hakuna. Nami mkono wangu nautaka." Ile mashine ilikuwa ya kupasha joto, na kumpashia joto mtu asiyesikia moto ni kumchoma. Hilo angalau niliweza kulizuia. Nilikwenda chumba cha mashine nikaandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu, "Asiwekewe," nikaghushi saini ya Girish. Sijutii.

Siku ya ukaguzi chuo kilinukia rangi mbichi. Walimu wote walikaa nyuma, karibu watu arobaini, na mbele ya meza yetu wakaketi wakaguzi. Wawili walikuwa wanaume wanene waliokuwa wamekwisha kula vizuri nyumbani kwa Mkuu. Profesa Mistry alikuwa mama mfupi wa sari nyeupe, nywele fupi, amevaa viatu vya kukimbilia. Housabai akaingizwa akiwa amevaa sari mpya ya waridi iliyobaki na mikunjo ya dukani. Mkuu mwenyewe akafungua kwa hotuba. Alitaja neno tatizo mara nyingi kuliko mtu mwenye matatizo.

Mchezo ukaanza, ukaenda vizuri. Aliyetakiwa asite alisita. Aliyetakiwa apingwe akapingwa. Housabai akagusa kifundo akasema inauma hapa, daktari, na wale wanaume wawili wakaandika. Ikafika zamu yangu. Nikashika kidevu. Moja. Mbili. Nikaona ule mkono umelala mezani kama kitu kilichosahauliwa na mtu. Nikasimama, nikazunguka meza, nikapiga magoti kando ya kiti chake.

"Maushi, naomba mkono wako. Tafadhali fumba macho. Nikikugusa, sema ndiyo."

Nilitumia kifuniko cha kalamu. Upande wa kidole gumba: "Ndiyo." Katikati: "Ndiyo." Upande wa kidole kidogo, kimya. Nikagusa tena. Kimya. Nikabonyeza. Alikuwa amefumba macho kwa uaminifu wote, anangoja, uso ameuinua kidogo kama mtu anayesikiliza aitwe. Ukumbi mzima ulikuwa unaona ninavyobonyeza. Yeye tu ndiye hakujua.

"Ketaki," Mkuu akasema kwa meno. "Hilo si swali lako."

Nivrutti alikwisha piga magoti upande wa pili. Akapitisha vidole nyuma ya kiwiko, pale ambapo mtu akijigonga mkono mzima unapigwa shoti. Akanitazama, akachukua vidole vyangu akaviweka hapo. Chini ya ngozi mshipa ulikuwa umevimba, mnene kama kamba ya kufungia ndama. Na juu ya kiwiko, palipoishia mkono wa blauzi, kulikuwa na baka lililofifia, kavu, lisilo na hata unywele mmoja.

Tulijua wote wawili. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, na nisifiche, lilikuwa tamu. Mbele ya watu arobaini ningemfedhehesha Karkhanis akose pa kuweka skafu yake. Lakini neno lenyewe lilikuwa ukoma, na mwenye kulibeba kurudi nalo kambini hakuwa Karkhanis. Nikalimeza. Sijawahi kumeza kitu kigumu kama kile.

"Profesa," nikasema, "naomba tubaki na mgonjwa peke yetu."

Profesa Mistry alikwisha inuka. Hakuuliza kwa nini. Alimgeukia Girish kwanza. "Wewe ndiye mwalimu wa kundi hili? Mgonjwa huyu mmekuwa naye siku nne. Una maoni gani?"

Masikini Girish! Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Midomo ikafunguka, na kwa kuwa kwa miaka miwili haikuwa imefundishwa kutoa kitu kingine, ikatoa kilichokuwamo.

"Wewe unaonaje, Profesa?"

Kuna mtu nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Profesa Mistry hakucheka. "Naona mtoke nje," akasema. "Wote. Na wewe mwenye skafu."

Mlango ulipofungwa, tukiwa tumebaki mimi na Nivrutti tu, akavuta kiti akakaa magoti yakigusana na ya Housabai, akamshika kiwiko kwa mkono wake mwenyewe, akapima mkono wote, kisha wa pili, kisha miguu. Alitumia nusu saa. Ndiyo nusu saa pekee niliyofundishwa mwaka ule. Alikuwa anatuuliza pia: kwa nini hapa kuna nguvu na hapa hakuna, angekuwa ameteguka tu ungetarajia nini, ameanguka akaumia au ameanguka kwa sababu mkono ulikwisha kufa? Tulipokosea alituacha tukosee, tukagusa tena, tukajisahihisha. Kumbe ndivyo ilivyotakiwa iwe tangu mwanzo.

Housabai alisikiliza hadi mwisho. Alipoambiwa jina la ugonjwa hakulia. Alifunika mkono kwa ncha ya sari.

"Nilijua," akasema. "Mama yake baba yangu alikuwa nao. Mnyapara akijua atatufukuza kundi zima. Ndiyo maana nikasema nilianguka." Kisha akanigeukia mimi, na sauti ikabadilika. "Wewe binti, siku nne! Mmeniuliza moyo wangu unajisikiaje. Mmeniuliza ndoto zangu. Hata mnunuzi wa ng'ombe humshika ng'ombe kwanza. Mlikuwa mnaogopa kuchafuka?"

"Hapana, Maushi."

"Basi nini?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kuchekesha kuhusu Mkuu na kuhusu chuo. Niliyaacha yote. "Ulikuwa uvivu, Maushi," nikasema. "Naomba radhi."

"Hm," akasema Housabai. Akanipa ule mkono tena, niutazame.

Siku hiyo hiyo Nivrutti na mimi tulimpeleka kituo cha afya cha serikali. Dawa za ukoma ni bure, vidonge vya miezi kumi na miwili, na juu yake akapewa dawa ya kutuliza uvimbe wa mshipa kabla haujafa kabisa. Mganga alitueleza kwamba akishaanza vidonge hamwambukizi mtu. Tulikwenda kambini tukamwambia mnyapara kwamba mama ana mshipa uliovimba kiwikoni, asishike panga wiki nane, afunge matita. Hatukusema uongo, wala hatukusema zaidi. Mnyapara akanung'unika, akakubali. Kila Jumapili tulikwenda tukamtengenezea kibao cha kunyoosha vidole, tukamfundisha kukagua mkono kwa macho asubuhi na jioni, na kushika chungu kwa kitambaa. Mumewe alituandalia bhakri, mkate bapa wa mtama, na chatini ya vitunguu saumu na hakutuuliza kitu. Nadhani alijua.

Na chuo? Msiwe na shaka na chuo. Profesa Mistry aliandika ripoti ya moto, lakini wakaguzi walikuwa watatu na wawili walikula vizuri. Tulipita, kwa sharti dogo la kununua viti. Wiki iliyofuata Dakta Karkhanis alitokea gazetini, na skafu yake, akieleza jinsi mbinu aliyoileta ilivyofichua ugonjwa uliowashinda wengine. Jina la ugonjwa alilitaja, na la wilaya ya mgonjwa pia. Aliloshindwa kutaja ni jina la mgonjwa tu, kwa kuwa hakuwahi kulijua. Nashukuru ujinga wake, ulimsitiri Housabai kuliko adabu yake ingeweza. Mimi na Nivrutti tuliandikiwa barua: kwa kukiuka utaratibu wa kundi, tutarudia muhula.

Kwa hiyo nilikuwapo lilipoongezwa faili la kumi na saba. Tatizo: "Bibi X, umri miaka thelathini na minane." Lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Hakuna chai, hakuna mnyapara, hakuna bibi yake. Mwishoni liliandikwa kwamba mgonjwa aliwashukuru wanafunzi kwa machozi. Baada ya miezi miwili jibu lilikuwa kwenye daftari la kurithiana, na makundi yaligundua ukoma kwa dakika kumi na mbili, yakikunja nyuso.

Girish aliniomba siku moja nimfundishe kutafuta ule mshipa nyuma ya kiwiko. Alikuja na kitabu, amekipigia mistari. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, lakini alijishika kiwiko chake mwenyewe, akautafuta, akaukosa, akautafuta tena, akiwa ameng'ata ulimi kama mtoto anayeandika. Nikamwonyesha.

Housabai alimaliza msimu, akarudi Beed na vidonge vyake ndani ya kopo la unga. Novemba iliyofuata wakarudi, nikaenda kambini kumpima. Alihisi kifuniko cha kalamu karibu kila mahali. Kidole cha pili kutoka mwisho kilikuwa kimenyooka. Kile kidogo hakikunyooka, na sasa najua hakitanyooka.

"Tungekushika mapema kwa miezi miwili," nikamwambia, "huenda na hiki kingepona."

Akakitazama kidole, akakisukuma kwa mkono wa pili, kikarudi kilivyokuwa. Nyuma yetu mnyapara alikuwa anapiga kelele kwamba tela limefika. Housabai akajifunga kitambaa kichwani, akachukua kamba zake za matita.

"Ungenishika siku ya kwanza," akasema, "ningekuwa nimekuzoea, nikakwambia mapema." Kisha akaenda kazini.